Mapishi ya Watu Wawili: Kitabu cha Jikoni na Jina la Mpishi, Kigoma

Kisa kwa ufupi

Kikundi cha wapishi wa shughuli katika Manispaa ya Kigoma Ujiji kiliamua kutoa kitabu kidogo cha mapishi. Mchangiaji mmoja alikuwa mwanamume aliyeishi miaka mingi na mwanamume mwenzake, na baadhi ya mapishi aliyoyatoa yalikuwa historia ya nyumba hiyo. Rasimu ilivuja kabla ya kuchapwa. Ikabidi kuamua mapishi yaende wapi, jina liende wapi, na nani mwenye kauli.

Mimi nilikuwa mhariri. Mtaa, mwaka, umri, dini na vyakula kadhaa nimevibadili au kuviondoa. Mhusika mkuu, nitakayemwita Mpishi, alisoma maandishi haya kwanza akafuta alichotaka kifutwe. Nimeandika kwa ajili ya wanaokusanya simulizi na wanaohariri machapisho ya vikundi, maana suala la namna hii huwakuta wakati tayari wameshalipa nusu ya gharama za uchapaji.

Mazingira

Mpishi wa shughuli ana cheo ambacho hakiandikwi popote. Arusi, hitima, maulidi, ugeni wa kiserikali, yeye ndiye anayejua kilo za mchele kwa watu mia tatu, na ndiye anayelaumiwa pilau likishika chini. Jiko kwa kawaida ni la akina mama, lakini sufuria kubwa za pilau mara nyingi huachiwa wanaume, kwa hiyo mwanamume mwenye mwiko hamshangazi mtu. Mpishi alipata riziki na heshima kwenye nafasi hiyo. Hakuoa. Aliishi na mtu ambaye mtaa mzima ulimwita "yule rafiki yake", na mtaa huohuo ukampa kazi za arusi za watoto wake.

Msomaji asidhani ukimya ule ulikuwa ridhaa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho mizizi yake ni sheria za mkoloni Mwingereza, kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kufika maisha kwa kile kinachoitwa kosa dhidi ya maumbile. Mtu anaweza kuvumiliwa miaka ishirini na kushitakiwa ndani ya wiki moja, inategemea nani amekasirika.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kuweka na kukopa, chenye wanachama kumi na mmoja, kimesajiliwa halmashauri na kinategemea mikopo yake. Wazo la kitabu lilitoka kwa wasafiri. Anayepanda treni au kushuka bandarini hununua dagaa na dumu la mawese, halafu anauliza: sasa hivi vinapikwaje? Mtu wa Dar es Salaam akiyatia mawese kikaangoni kama alizeti, akaweka samaki kabla hayajachemka vya kutosha, atakula ladha ya ubichi na kuapa hatarudia. Akina mama wakaona hapo pana biashara.

Ukusanyaji

Tulirekodi sauti jikoni, wakati wa kupika. Wapishi hawa hawapimi kwa gramu. Wanapima kwa kibaba, kwa fungu, kwa kiganja, na kwa harufu. Ukimkalisha mama kwenye kiti umwombe aeleze kisamvu cha mawese, atakupa sentensi mbili. Mpe moto na mwiko, atakupa saa nzima.

Yaliyoingia kwenye kinasa sauti yakawa mengi kuliko mapishi. Mama mmoja, akieleza dagaa, alianza na mwezi. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, mitumbwi hulala ufukweni na bei hupanda. Kwa hiyo pishi lake lina sura mbili: dagaa wengi na nyanya chache kwa siku za giza, dagaa wachache na bamia nyingi kwa siku za mbalamwezi. Hakuna aliyemwuliza habari za uchumi wa nyumba yake, lakini alishazieleza.

Mpishi alirekodiwa mwishoni. Alitoa pilau la watu mia tatu, kama ilivyotarajiwa. Kisha, bila kuombwa, akatoa mapishi mengine matatu ya watu wawili. La kwanza, mgebuka: samaki wawili wabichi, chumvi na ndimu, wachomwe juu ya makaa hadi waive nusu, mawese yachemke hadi harufu ya ubichi iishe, kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, "maana yeye alipenda harufu yake tu, ukali hakuuweza". La pili, ugali wa muhogo wa usiku, mdogo, wa kula kwenye sahani moja. La tatu, uji wa ulezi wenye karanga za kusaga. Huu alimpikia mwenzake alipougua maradhi marefu, miaka ambayo dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Usitiwe ndimu, alisema, kwa sababu ya vidonda vya mdomo. Uachwe upoe hadi uwe vuguvugu, na unywewe kidogokidogo tangu alfajiri hadi jioni, sio bakuli zima kwa mara moja.

Akanyamaza, akaosha sufuria, akatuuliza kama tumepata tunachotaka.

Kuvuja

Katibu alipeleka rasimu nzima kwenye steshenari moja ili itolewe nakala kumi na moja, kila mwanachama asome na kusahihisha. Mtu pale, au mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake, akapiga picha ukurasa wa uji. Jioni picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ikiwa na maneno ambayo sitayarudia. Kesho yake mtunza hazina alipigiwa simu na shemeji yake akiulizwa wanachapa kitabu cha aina gani.

Kamati ilikutana kwa hofu, na hofu ile ilikuwa na hesabu. Kikundi kikihusishwa na jambo hili, mkopo wa halmashauri unaweza kukwama. Mchapaji anaweza kukataa kazi. Wanachama waliogawanyika walikuwa wengi kuliko waliokuwa na msimamo: mama mmoja alilia kwamba Mpishi ndiye aliyempikia hitima ya mumewe bure, na dakika tano baadaye akapendekeza aondolewe.

Yalitajwa mengi. Wapo waliotaka mapishi yake yote yatoke. Wengine wakasema pilau libaki, yale matatu yatoke. Mtunza hazina alipendekeza yabaki lakini yaandikwe kwa jina la mwanamke mmoja wa kikundi, na mwanamke huyo alikuwa tayari kabisa. Katibu alitaka mradi ufungwe, hela ya uchapaji igawanywe. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alisikiliza hadi mwisho akauliza: "Mwenyewe mmemwuliza?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kikao kikaahirishwa papo hapo, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko mingine yote katika kisa hiki, ingawa haumo kwenye muhtasari wa kikao.

Mazungumzo uani

Tulikwenda watu wawili, Bibi na mimi. Bibi alianza kwa kumwita "mwanangu", akakaa kwenye kigoda, akaomba maji. Mimi nilibeba jambo moja tu la kumpa: habari kwamba yeye si mtu wa kwanza kuandika mapishi akiwa na shida hii, na kwamba waliomtangulia hawakufuata njia moja.

Nilimweleza habari za Alice B. Toklas, Mmarekani aliyeishi Paris na mwandishi Gertrude Stein hadi Stein alipofariki mwaka 1946. Mwaka 1954 Toklas alitoa kitabu cha mapishi. Hakuna mahali anapotangaza kwamba walikuwa wapenzi. Lakini Stein yumo kila mahali: mezani, garini, sokoni, njaani wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani. Yumo pia mchoraji Picasso, aliyetengenezewa samaki aliyepambwa kwa mayonesi nyeupe na nyekundu, mayai na majani, naye akasifu urembo wake kisha akauliza kama samaki huyo hakustahili zaidi kupikiwa Matisse, mchoraji mwenzake. Mpishi alicheka sana hapo. Alisema wageni wa arusini ndivyo walivyo.

Nikamweleza habari za James Beard, aliyefukuzwa chuo kiitwacho Reed, huko Oregon, akiwa kijana mapema miaka ya 1920, baada ya kugundulika uhusiano wake na wanaume. Alikuja kuwa mwalimu wa mapishi wa taifa zima la Marekani, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake vitabu vyake vilibaki vya vyakula, maisha yake yakabaki pembeni. Chuo kilekile kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976. Na upande wa pili kabisa yupo Lou Rand Hogan, aliyewahi kuwa mpishi wa melini. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha mapishi kilichojitangaza juu ya jalada kwamba ni cha mashoga, kimejaa mizaha ya watu wa ndani, wakati majimbo karibu yote ya Marekani bado yalikuwa na sheria za kuwafunga watu kama yeye.

Mpishi alifikiri. Alisema yule wa melini alikuwa na mji mkubwa wa kujificha baada ya kucheka, yeye ana Kigoma. Yule wa chuo, alisema, alikula peke yake kitabuni. "Huyo mama wa samaki ndiye niliyemwelewa."

Kisha akasema anachotaka, kwa ufasaha kuliko kikao chote. Mapishi yote manne yabaki. Jina lake lisiwepo. Maneno yote juu ya "yeye" yatoke. Lakini idadi ya walaji isiguswe: watu wawili. Tulimweleza kwamba kamati ilikuwa imependekeza kila pishi liwe la watu wanane ili kitabu kiwe na mpangilio mmoja. Alikataa kwa sababu ya kitaalamu, kwamba migebuka wanane kwenye kikaango cha nyumbani hawatapata mawese sawasawa. Halafu akaongeza kwamba hata wangeyapata, bado ni watu wawili.

Uamuzi

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Ombi la Mpishi lilikubaliwa, likabaki tatizo la kiufundi ambalo nadhani ndilo lenye funzo kubwa kwa mhariri: ukimwondolea jina mtu mmoja kati ya kumi na mmoja, umemnyoshea kidole.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuondoa majina yote na kuandika kikundi tu. Njia hiyo ina historia nzuri. Wanawake wa mkahawa wa Bloodroot, uliofunguliwa Bridgeport, Connecticut, mwaka 1977, mahali ambapo wasagaji na wanaharakati wa haki za wanawake walikula bila kuhudumiwa na wahudumu, kila mtu akichukua na kurudisha sahani yake, walitoa kitabu chao cha mapishi mwaka 1980 kwa jina la umoja wao. Nililipenda wazo hilo. Bibi hakulipenda. Jina lake, alisema, limeandikwa kwenye kadi ya kliniki na kadi ya mpiga kura, na sasa amepata kitabu mnataka kulifuta tena?

Alikuwa na haki. Basi tukakubaliana kila mtu achague mwenyewe kati ya jina halisi na jina la jikoni, bila kutoa sababu. Hapo yakatokea nisiyoyatarajia. Wanachama sita walichagua majina ya jikoni. Mmoja ni mtumishi ambaye mwajiri wake hajui kwamba Jumamosi anapika arusini. Mwingine hataki wakwe wajue kipato chake. Mwingine alipenda tu kuitwa Malkia wa Kisamvu. Mpishi akawa mmoja wa sita. Siri yake ikasimama katikati ya siri nyingine ndogondogo, na zote zilikuwa za kweli.

Mapishi yake matatu nayo yalihitaji jirani. Tukafungua sura ya vyakula vya walaji wachache: mjane anayejipikia, wanandoa wapya, mwanafunzi wa chumba cha kupanga. Akina mama walichangia kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kuwauliza wanakula nini siku ambayo hawapikii watu mia. Sura hiyo imekuwa bora kuliko zote kitabuni.

Sentensi ya vidonda vya mdomo tuliibakiza, kwa maneno ya jumla: uji wa mgonjwa, usitiwe ndimu. Kuifuta kungekuwa kufuta maarifa.

Matokeo

Kitabu kilichapwa nakala mia tatu na kikauzwa gesti, stesheni na kwenye maduka ya mawese. Mkopo haukuguswa. Kelele za WhatsApp zilikufa baada ya Bibi kupita nyumba kwa nyumba akiuza nakala na kuuliza kila mwenye maneno kama anataka pilau la arusi ya mwanawe lipikwe na nani.

Haikwisha salama kwa kila mtu. Mpishi alipoteza shughuli mbili zilizokuwa zimeshaahidiwa, na kwa miezi kadhaa hakuja kikaoni, mchango wake ukiletwa na mtoto wa jirani. Mwanachama mmoja alijitoa kwa sababu za imani yake. Aliondoka kwa adabu, akaacha pishi lake la maharage litumike.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kumpelekea mhusika uamuzi wake mwenyewe ndiko kulikookoa mradi. Kamati ilikuwa na nia njema, na kwa nia hiyo njema ilikuwa tayari kumpa mtu mwingine chakula cha marehemu. Pendekezo la kuandika jina la mwanamke lilionekana la busara kuliko yote mezani, na ndilo ambalo lingemuumiza zaidi. Alituambia hivyo uani: angeweza kukubali uji upotee, asingekubali uwe wa mtu mwingine.

Idhini ndiyo iliyoshindwa. Mwanzoni kabisa kila mchangiaji aliweka sahihi au dole gumba kwenye karatasi moja inayosema anakubali maelezo yake yachapwe. Wakati ule hakuna aliyejua atasema nini mbele ya moto. Idhini ya kitabu cha mapishi ichukuliwe mara mbili: kabla ya kupika, na tena baada ya mpishi kusomewa alichosema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka uangalifu zaidi kwa taarifa nyeti kama za afya na maisha ya kimapenzi, na vikundi vingi vinavyokusanya simulizi bado vinadhani inahusu kampuni za simu tu.

Rasimu haikupaswa kutoka nzima. Kila mwanachama angepewa kurasa zake, kisha kamati ipitie zilizosafishwa. Steshenari ni mahali pa wazi, na ukurasa ukikaa kwenye mashine dakika kumi unasomwa na watu kumi.

Kuna waliosoma kisa hiki kwenye mafunzo wakasema tulimficha Mpishi, kwamba historia ya watu hawa huandikwa kwa kujitokeza. Sikubaliani nao. Hata huko Marekani wanakotolea mifano, chakula kilifanya kazi zake mbili kwa pamoja: kusema na kusitiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jarida dogo la San Francisco, lililotolewa na watu wenye Ukimwi kwa ajili ya wenzao, lilikuwa na safu ya mapishi ya kunenepesha waliokuwa wakikonda. Safu hiyo ilikuwa na matusi na vichekesho vya wazi kabisa, na mwandishi wake alijiita Biffy Mae. Jina la jikoni, kwa lugha ya kikundi chetu. Na katika mji huohuo mwaka 1985 Ruth Brinker, bibi mstaafu aliyewahi kufanya kazi za kulisha watu, alianza kuwapikia wagonjwa saba wa Ukimwi waliokuwa hawana nguvu za kujipikia. Jiko hilo likakua likawa Project Open Hand. Kwa wagonjwa wale sahani iliyofika mlangoni ilitosha, na hakuna aliyetakiwa kujieleza ndipo ale. Bibi wa kikundi chetu hajawahi kumsikia mama huyo. Lakini alipousoma ukurasa wa uji alisema tu kwamba karanga za uji ule Mpishi alizinunua kwake, mwaka ule, kila Ijumaa, na yeye Bibi alikuwa akimzidishia.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Kwenye kitabu, jina la utani la marehemu limetoka, kwa sababu ndugu zake wangelitambua, na maiti hawezi kutoa idhini. Kwenye sauti limo, mara nyingi. Mpishi aliagiza nakala ya kikundi ifutwe, na ikafutwa mbele yake. Nakala moja iko nje ya mkoa, imefungwa kwa neno la siri, kwa mtu aliyemchagua yeye. Hajasema isikilizwe lini, wala na nani akishakufa, na katiba ya kikundi haina kifungu cha sauti. Mkutano mkuu ujao una ajenda hiyo, namba sita, baada ya marejesho ya mkopo.